Dawa ya chawa wa samaki isije ikaua kaa wetu

Vijana wenye vidimbwi vya mwatiko nyuma ya mikoko huniuliza: samaki wakiingiwa na chawa, tuwachanganyie dawa gani kwenye chakula? Kabla ya jina la dawa, tuelewe inavyofanya kazi.

Dalili zenyewe si ngeni. Samaki hujisugua ukingoni, hukusanyika maji yanapoingilia na hupunguza kula. Wadudu huwa wamemng'ang'ania ngozini au kwenye matamvua.

Wafugaji wa samoni kule Norwei na Chile wametumia sana dawa iitwayo emamektini. Huchanganywa kwenye chakula, samaki akala, ikaingia mwilini, na chawa anayemla samaki akaipata humo. Kipimo chao ni maikrogramu 50 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, kwa siku 7. Yaani samaki 1,000 wa gramu 200 kila mmoja ni kilo 200, na dawa yao ya siku nzima ni miligramu 10 tu. Hicho ni kipimo cha samoni, msikichukue kuwa cha mwatiko. Nimekitaja mpate kuona kwamba ukikisia uzito kwa macho, umeshakosea kipimo.

Na hata ukipima sawa, yako matatu ya kutazama. Kwanza, mgonjwa hasa ndiye asiyekula; dawa huishia kwa walio wazima. Pili, dawa moja ikitumiwa miaka nenda miaka rudi huzaa usugu, na huko Norwei na Chile chawa waliizoea. Tatu, na hili ndilo letu sisi watu wa pwani: chawa hawa ni jamaa ya kamba na kaa. Kinachomuua huyu huweza kumuua na yule. Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki hutua kwenye tope, na bamvua likija maji ya kidimbwi hurudi mkononi mwa bahari. Humo ndimo jirani yako anamotega kaa wake.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Punguzeni msongamano, badilisheni maji mara kwa mara, na baada ya kuvua kausheni kidimbwi juani kabla ya kutia vifaranga wapya. Wakizidi, mwiteni afisa wa uvuvi awatazame matamvua kwa hadubini, kwani minyoo ya matamvua na chawa hawatibiwi kwa dawa moja. Dawa ya sindano ya ng'ombe msithubutu kuichanganya kwenye chakula cha samaki.

Na mkiandikiwa dawa, ulizeni siku za kungoja kabla ya kuvua. Kumuuzia mtu samaki ambaye dawa haijamtoka mwilini, nawe wajua, ni dhuluma. Mteja hana macho ya kuiona; amekuamini wewe.