Njiwa Aliyekula Mbarika

Mhunzi amesafiri, mkewe ana mimba pevu. Hapo ndipo inapoanzia hadithi ya Wagikuyu ambayo aliyelelewa jikoni kwa nyanya yake, awe wa Othaya au wa Karatina kule Nyeri, hahitaji kukumbushwa mwisho wake. Zimwi, irimu kwa Kigikuyu, linatokea na kujifanya mkunga. Linatafuta kuni, linachota maji, linapika. Mwanamke akishajifungua, linamwandalia mzazi huyo chakula, na kabla hajanyoosha mkono linamwambia: naona hutaki, basi nitakula mwenyewe. Likala. Siku nenda siku rudi, mzazi anakonda kando ya chungu kinachochemka.

Uani ameanika mbegu za mbarika, zile zilizokuwa zikikamuliwa mafuta ya kujipaka mwilini. Njiwa anatua kuzidonoa. Kwa mtu mwenye njaa kila punje ni mali, lakini mwanamke anamwacha ale, kisha anamwomba ampelekee mumewe habari. Njiwa anaruka hadi mhunzi anakofua chuma na kuanza kuimba. Nyundo zinagonga, hasikiki. Anaimba tena na tena, hadi mhunzi anapoyashika maneno: mkeo amejifungua, na mkunga wake ni zimwi. Mhunzi akashika njia na mkuki wake, na zimwi halikupona.

Wengi huisimulia kama hadithi ya zimwi. Mimi kila nikiifikiria nawaona walaji wawili. Zimwi na njiwa walikula katika boma moja, chakula cha mwanamke mmoja. Wa kwanza alishiba kwa kumnyima mwenyewe. Wa pili alishiba, akaona ana deni, akalilipa kwa mali aliyojaliwa: mabawa na sauti.

Jomo Kenyatta alisimulia ngano iliyo kinyume cha hiyo katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka London mwaka 1938. Ndovu anamwomba mtu amsitiri mkonga tu kibandani wakati wa mvua. Akishakubaliwa, anaingia mzima na kumsukuma mwenyeji nje. Msomaji aliyenyang'anywa shamba na walowezi alimjua ndovu huyo.

Deni kama la njiwa lipo hata nje ya ngano. Mlembe ni ndege mdogo anayewaongoza warina asali kwenye nyuki, akiita na kuruka mti hadi mti. Mila za warina wengi barani Afrika zinataka aachiwe kipande cha sega. Anayemnyima, wazee husema, safari ijayo atafikishwa kwa nyoka au simba. Hussein Isack wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer waliuchunguza ushirikiano huo kwa Waborana wa kaskazini mwa nchi, wakachapisha matokeo mwaka 1989. Mrina asiye na ndege alitafuta nyuki kwa wastani wa saa 8.9, aliyeongozwa, saa 3.2. Ndege naye angehangaika bila mtu, kwa sababu mtu ndiye mwenye moshi wa kuwatuliza nyuki na shoka la kupasua gogo.

Na Nyeri kwenyewe? Mwanamazingira Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alikatazwa na mamake kuokota kuni za mugumo mmoja, mti wa jamii ya mkuyu, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo huo palikuwa na chemchemi, na utotoni alichezea mayai ya vyura kwenye kijito chake. Sayansi ilikuja kumwonyesha kwamba mizizi ya mti ule ilipenya mwambani na kuyapandisha maji. Watu waliuachia mti uhai wake, mti ukawanywesha. Baadaye shamba lenye mti huo lilipata mmiliki mpya, aliyeona mugumo unamlia nafasi ya kupanda chai. Akaukata. Maathai aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, kijito kilikuwa kimekauka.