Jiko la Peleti Likipiga Kelele, Usizime Feni

 Mwezi huu sitaandika juu ya masomo wala mitihani. Nataka tuongee juu ya jiko.

Ni kwa sababu ya usiku mmoja nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa darasa la sita alikuwa anasoma, mama alikuwa ameteleka maharage, na jiko letu la peleti likawa linalia krrr, krrr, kama mashini ya kusaga. Mama jirani akagonga ukuta: "Mwalimu, hiyo jiko yenu inatunyima usingizi, mutoto yangu ameamuka!" Kuta za nyumba zetu mnazijua, ukikohoa huku wanakuambia pole kule. Nikaona haya, nikazima feni. Kelele ikaisha.

Nilifurahi dakika mbili tu. Moshi ulianza kupanda, mzito na mweupe, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya baridi. Mdogo wangu alikohoa mpaka akatapika. Mtoto mchanga wa dada yangu tulimkimbiza nje kwenye umande. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini mama aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: "Wewe unafundisha watoto za watu, hukujua feni ni ya kazi gani?"

Basi nilienda kujifunza. Nilifungua jiko letu, na baadaye majiko ya majirani, na yale niliyoyaona ndiyo nawaandikia.

Kwanza tujue feni ni ya nini. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vijiti vidogo. Tunaziwasha kwa juu, na moto unashuka polepole. Zikipata joto zinatoa gesi, na hiyo gesi ndiyo inayowaka. Feni iko chini. Inasukuma hewa kidogo kwenye matundu ya chini ili peleti zipate moto, na hewa nyingi kwenye matundu ya juu ili gesi iungue yote. Ukizima feni peleti bado ziko moto na gesi bado inatoka, ila hakuna hewa ya kuiunguza. Hapo inageuka kuwa moshi, pamoja na ile sumu inayoitwa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Kwa hiyo jiko likikusumbua katikati ya mapishi, libebeni lote nje kwa uangalifu likiwa linazunguka hivyo hivyo, au mvumilie kelele mpaka chakula kiive. Matengenezo ni kesho yake, jiko likiwa baridi.

Zamani matengenezo hayakuwa kazi yetu. Kampuni ilikuwa inatoa jiko, wewe unanunua peleti, jiko likiharibika unawaita. Ile kampuni ilifunga kazi mwaka 2020. Sisi ambao bado tuna jiko, fundi ni wewe mwenyewe. Usiogope, kazi yenyewe inataka bisibisi ndogo, mswaki wa zamani, sindano na masikio.

Ndiyo, masikio, maana kila kelele ina mahali inapotoka. Ile ya kukwaruza, krrr, krrr, kama ya kwetu, ni kitu kinachogusa mapanga ya feni. Toa waya ya betri kwanza. Geuza jiko likiwa tupu, fungua skrubu za chini, na skrubu uziweke ndani ya kikombe, maana mimi nilipoteza moja ikanilipisha siku nzima ya kutafuta. Ndani ya jiko letu nilikuta kipande cha peleti, nywele na mende aliyekauka. Ya jirani ilikuwa na waya iliyolegea ikalalia feni; niliirudisha pembeni nikaifunga kwa uzi. Piga mswaki mapanga yote bila kuyapinda, na uvumbi upulize kwa mdomo. Usioshe kwa maji hata kidogo.

Ikiwa feni inalia kwa sauti nyembamba, kama mlango usio na mafuta, basi ni mhimili wake umekauka. Muombe fundi cherehani tone moja la mafuta ya mashini yake, utie kwa ncha ya sindano pale katikati feni inapozungukia. Tone moja tu! Mama mmoja wa kartie yetu alitia mafuta ya kupikia. Siku mbili jiko lilinyamaza, siku ya tatu yale mafuta yalikuwa yameganda pamoja na vumbi kama ugali wa jana, na feni haikuzunguka tena.

Mluzi ni habari nyingine. Hapo feni mara nyingi ni nzima, ila matundu yamezibwa na majivu na masizi, hewa inapita kwa kujikamua. Utaona pia moto umekuwa wa njano na sufuria inakuwa nyeusi. Zibua matundu yote kwa sindano au kijiti cha ufagio, ya juu na ya chini. Mimi nafanya kila Jumamosi, na majivu namwaga kila baada ya kupika.

Jiko likitetemeka lote, angalia kwanza linaposimama. Sakafu zetu za udongo zina mabonde. Usawazishe kwa udongo uliokandwa ukakauka, au kipande cha tofali pana. Wengine wanaweka kitambaa chini, na hilo ni baya mara mbili: kinaziba hewa ya feni na kinaweza kushika moto. Udongo mlegevu pia haufai, feni inaunyonya. Kama jiko limesimama vizuri na bado linatetemeka, kaza skrubu.

Sauti ikipanda na kushuka, vuu... vuuu... vuu, hapo shuku betri au waya. Chaji betri ijae kabla ya kuanza kupika, na ncha za waya zikiwa na ukungu wa kijani zikwangue mpaka zing'ae. Usianze maharage ya saa tatu na betri ya nusu.

Na kuna kelele isiyo ya jiko kabisa: pa! pa! Hiyo ni peleti yenye unyevu. Huku kwetu milimani mvua haina haya, na peleti ikinywa unyevu inavimba, inavunjika kuwa vumbi, na vumbi linaziba matundu. Funga mfuko, uuweke juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta. Chekecha vumbi kabla ya kujaza.

Mambo mawili bado. Ukimaliza kupika usizime feni palepale. Mwaga makaa yaliyobaki nje, uyafunike kwa mchanga, na feni uiache izunguke mpaka jiko lipoe, maana joto likishuka linaichoma feni yenyewe. Wala usimwagie jiko maji. La pili najua litawachukiza wengine: yale makaa mazuri yanayobaki, msiyatie kwenye mbabula na kulala nayo ndani kwa ajili ya baridi. Hayatoi moshi, ndiyo maana tunayaamini, lakini ile sumu isiyo na harufu iko humo. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo tangu tulipofika hapa mwaka 2012. Tumegombana, sasa ameacha, ananidai blanketi.

Mwenye jiko linalolia aje Jumamosi saa nane mchana nyuma ya madarasa, mimi na wanafunzi wakubwa tutakuwa hapo. Jiko liwe baridi na tupu. Mswaki lete wako, wetu umeisha manyoya.