Chakula Kinachozama Bwawani Humrudia Mfugaji

Mfugaji wa mwatiko anaporusha konzi ya chakula bwawani na samaki wasikikimbilie, chakula hicho hakipotei. Huzama na kuoza, na wa kwanza kudhurika ni samaki wake mwenyewe.

Katika Kaunti ya Kilifi, vikundi vya wanakijiji wa sehemu kama Mtwapa na Ngomeni hufuga mwatiko katika mabwawa ya maji ya chumvi nyuma ya mikoko. Tuchukue bwawa lenye samaki 1,000 wenye uzani wa gramu 200 kila mmoja. Wakilishwa asilimia 3 ya uzani wao, hiyo ni kilo 6 kwa siku. Sehemu moja kati ya tano ikibaki bila kuliwa, kilo 36 zitakuwa zimezama kwa mwezi mmoja. Hizo ni pesa za kikundi.

Bakteria wanaoozesha mabaki hayo hutumia oksijeni iliyo majini. Naitrojeni na fosforasi zinazotoka humo hukuza mwani mdogo, na maji hugeuka kijani kibichi. Usiku mwani huo nao huvuta oksijeni, ndiyo maana samaki huonekana wakitweta juu ya maji alfajiri. Tope la chini likikosa oksijeni kabisa huwa jeusi na kunuka kama yai viza.

Wafugaji wa vizimba katika Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, waliona uzito wa jambo hili Novemba 2022, samaki wengi walipokufa kwa upungufu wa oksijeni. Si lazima chanzo kiwe chakula pekee, lakini maji yaliyokwisha kulemewa na uchafu hayana akiba ya oksijeni mambo yakiharibika.

Bwawa linapofunguliwa, uchafu wote huo huingia kwenye mikoko na hori, mahali samaki wachanga na kamba wanapokulia. Wavuvi wasio na bwawa hata moja hubeba hasara hiyo. Wakati wa maji mafu uchafu hukaa palepale; wakati wa bamvua, maji yakipwa kwa nguvu, husambaa haraka zaidi. Hata hivyo, tope lenyewe lisiachiwe kutoka. Lizolewe bwawa likikauka na litumike kuziba kingo. Lina chumvi, kwa hivyo halifai kuwa mbolea ya mboga.

Nchini Norway, shamba la samoni baharini huachwa bila samaki kwa muda usiopungua miezi miwili baada ya mavuno, ili magonjwa yakatike na sakafu ya bahari ipumue. Mfugaji wa hapa anaweza kukausha bwawa lake kabla ya kupandikiza vifaranga wapya.

Katika kulisha, rusha kidogo kidogo na usimame pale samaki wanapopunguza kasi. Mwatiko hula pia mwani unaoota bwawani, hivyo maji yakiwa ya kijani punguza chakula. Kundi likitweta alfajiri, usilishe siku hiyo. Ingiza maji mapya yanapojaa na umwite afisa wa uvuvi wa eneo lako.