Mtumbwi mrefu unamfaa mvuvi mzoefu? Tupime mbele ya kutoa pesa

Wasomi wenzangu wa Nyamianda na wa pwani yote ya Uvira,

Kuko ombi moja linalofikia wengi wetu mara tu tunapopata kazi ya kwanza. Simu inaingia: mjomba amevua miaka 20, mtumbwi wake wa mita 4 umechoka, sasa anataka mrefu wa mita 9. "Mtoto wetu umesoma, tusaidie." Na kila mtu anaongeza kwamba mjomba ni mzoefu, usiogope. Ni kweli uzoefu ni mali, lakini haujibu swali lote. Mtumbwi usiofaa unazamisha pesa, na siku mbaya unazamisha watu. Basi tupime.

Kwanza, mwendo. Chombo kinachopasua maji kinatengeneza wimbi lake chenyewe, na wimbi hilo linakifunga. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Unapata kama kilomita kwa saa. Mita 4 inatoa 9, mita 9 inatoa 13.5. Muone wenyewe: urefu umepita mara mbili, lakini mwendo umepanda kwa nusu tu. Tena huo ni mwisho wa uwezo, si mwendo wa kila siku. Mtumbwi mrefu unasugua maji mengi zaidi, kwa hiyo mtu mmoja na kafi yake hafiki pale. Unahitaji watu wengine ao moteri. Kama mjomba anavua peke yake, urefu utamchosha bure.

Pili, kupinduka. Wengi wanadhani mtumbwi mrefu haupinduki. Urefu unasaidia kidogo, upana ndio unasaidia sana. Ukiongeza urefu mara 2, nguvu ya kukataa kulala upande inapanda mara 2. Ukiongeza upana mara 2, inapanda mara 8, sababu upana unahesabiwa kwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo mtumbwi wa mita 9 wenye tumbo jembamba unaweza kukuangusha kuliko mfupi mpana. Ukienda kwa fundi, usipime urefu peke yake.

Tatu, mawimbi. Ziwa letu lina urefu wa kama kilomita 670 na upana wa kama 50 tu. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji kufuata urefu huo, na sisi tuko kwenye ncha ya kaskazini. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yanafuatana karibu karibu, si kama ya bahari. Mtumbwi mrefu unaweza kulala juu ya mawimbi mawili, kichwa kwenye moja, mkia kwenye lingine, katikati pakining'inia. Hapo ndipo mbao zinajikunja na maungio yanafunguka. Mfupi unapanda na kushuka na wimbi. Mrefu unapenda kwenda moja kwa moja: ni vizuri kwa safari ya Baraka, ni shida wakati wa kugeuka haraka ao kuingia pwani na wimbi nyuma. Wimbi likiushika mkia, linauzungusha upande.

Watu wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao, kama kule Hawaii, wana mjadala huohuo. Ubao mrefu, wa futi 9 (kama mita 2.7) kwenda juu, unapewa wanafunzi kwa sababu unaelea vizuri. Lakini wazoefu pia wanauchukua siku mawimbi ni madogo, sababu unadaka wimbi mapema. Wakitaka kukata kona za haraka, wanachukua mfupi. Kwao urefu si cheo cha mtu. Unaamuliwa na maji ya siku ile na kazi inayotakiwa.

Na mjomba tumuulize vilevile, kwa heshima: "Mjomba, naomba unieleze: unavua mbali kiasi gani? Mko wangapi ndani? Unabeba kilo ngapi ukirudi? Unaegesha wapi tangu maji ya ziwa kupanda?" Mvuvi wa kweli hatakasirika, atafurahi mtoto anauliza vya maana. Akijibu kwamba wako watu 4, wana moteri, wanaenda mbali na wanabeba mzigo, mrefu unamfaa. Akiwa peke yake na nyavu zake karibu na pwani, mtengenezee mpya wa mita 4 ao 5, ulio mpana zaidi, na pesa inayobaki nunua jile za kujiokoa.

Mbele ya kulipa, aazime mtumbwi wa urefu ule kwa siku mbili, moja ya utulivu na moja ya upepo. Apakie mifuko ya mchanga yenye uzito wa samaki na watu. Atazame maji yanafika wapi kwenye ubavu, ageuze, aingize pwani. Akirudi atakuwa na jibu, na wewe utajua pesa yako inaenda wapi.

Wenye wajomba ziwani, semeni chini hapa: wao wanatumia mita ngapi, na kwa kazi gani?