Baba Watoto Anapotaka Pikipiki Tena

Watoto wamekua, na baba watoto anasema anataka pikipiki tena baada ya miaka 15. Moyo unashtuka. Kabla ya kukataa au kununa, dada, keti naye mchague pamoja.

Huko Marekani wengi wanaorudi barabarani hupenda kruza ya kimichezo: kiti kiko chini, na injini ni nyepesi kuitika. Lakini zote si sawa. Honda Rebel 500 ina injini ya cc 471 na uzito wa kilo 190 hivi. Kawasaki Vulcan S ina cc 649, na vikanyagio vyake husogezwa kulingana na urefu wa miguu. Harley-Davidson Sportster S, iliyotoka mwaka 2021, ina cc 1,252. Hiyo si ya kujikumbushia.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, arudi darasani kabla ya kununua, maana mikono husahau. Pili, akiketi nyayo zote mbili zikanyage chini, na breki ziwe za ABS, ambazo huzuia magurudumu yasikwame. Tatu, kama imetumika, someni tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT kwenye tairi: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi kuukuu ni hatari hata kama halijawa kipara.

Fedha za kofia, koti na glavu zitengwe kwanza, wala zisiwe za masalio. Nawe ukikusudia kupanda nyuma, ulizia kiti chako mapema. Nyingine huuzwa na kiti cha mtu mmoja tu.