Kisanduku cha Mwisho wa Mkongo

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umekwisha kufika Kasumulu, mahali unapounganishwa na jirani zetu wa Malawi. Kwa hiyo haifai tena kusema kwamba Kyela iko mbali na dunia. Kinachobaki ni hatua iliyo fupi kuliko zote na yenye maudhi kuliko zote, nayo ni kuutoa mkongo barabarani na kuuingiza katika nyumba ya mwananchi, katika zahanati na katika ghala la chama cha ushirika.

Hatua hiyo huishia kwenye kisanduku kidogo cha plastiki, ambacho wengi hukiita ruta. Kazi yake ni kuupokea mwanga uliosafiri ndani ya uzi wa kioo na kuugeuza uwe ishara inayoeleweka na simu na kompyuta. Mtoa huduma hukinunua kwa maelfu, kwa zabuni, na katika zabuni bei ya chini ina nguvu kubwa. Sisi tunaona kwamba kwa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa bei ya chini ni kipimo kibaya, na wasomaji wetu wa visiwani wataona mara moja kwa nini habari hizi za Kyela zinawahusu.

Tuanze na radi. Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya huko haiji kimya. Uzi wa kioo haupitishi umeme, kwa hiyo radi haiufuati kama ilivyozifuata nyaya za shaba za simu za zamani. Hilo ni jema kubwa, lakini mtu asijisahau. Nyaya nyingine za mkongo zishukazo kutoka nguzoni hushikizwa kwa uzi wa chuma, na chuma hakina urafiki na radi. Zaidi ya hayo, radi huja kwa njia ya umeme wa nyumbani, ikapita katika adapta na kukiua kisanduku. Anayenunua vyombo vya Kyela anapaswa kuuliza habari za adapta kabla ya kuuliza habari za kasi, na kuagiza nyaya za kushukia zisizo na chuma.

Kisha kuna umeme wenyewe kukatika. Vingi vya visanduku hivi hutumia volti 12, na betri ndogo ya ampea-saa 7 hukiendesha chombo cha wati 10 kwa muda wa saa sita hivi. Wasomaji wetu wa Unguja wanaokumbuka giza la tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, ulipoharibika waya wa umeme utokao bara, hawahitaji kuelezwa maana ya saa sita. Zahanati inayongoja majibu kutoka hospitali ya wilaya haina haja ya kisanduku chenye taa nyingi na antena sita. Inahitaji kinachokubali betri ya kawaida, bila kifaa cha ajabu cha kuagizwa nje.

Kuhusu kasi, tungependa wahusika wasidanganywe na maandishi ya kwenye boksi. Katika mfumo uliozoeleka zaidi, yaani GPON, uzi mmoja hubeba kama gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenda kwa wateja, nao hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zikitumia zote kwa pamoja, kila moja hupata takribani megabiti 39. Kiasi hicho kinatosha familia, tena kinatosha ofisi ya kata. Fedha za ziada ni afadhali zitumike kupata mawimbi ya gigahezi 2.4 yaliyo imara, maana ndiyo yanayopenya vizuri zaidi kuta za matofali ya kuchoma, kuliko kununua kasi ambayo uzi wenyewe hauwezi kuileta.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni la usimamizi. Kijiji cha Ikombe, cha wafinyanzi wa Kikisi ng'ambo ya Matema, hufikiwa kwa mtumbwi au kwa miguu. Kwa fundi, hicho ni kisiwa. Chombo kisichoweza kurekebishwa kutoka ofisini humlazimu fundi kupoteza siku nzima, na nauli yake peke yake yaweza kumeza yote yaliyookolewa katika zabuni. Tena, vyombo vya viwanda mbalimbali, hata kama vyote vimefuata kanuni moja ya kimataifa, si lazima vielewane na mtambo wa kituoni, hasa katika amri za usimamizi. Basi vijaribiwe kwanza na mtambo uleule utakaotumika, ndipo mkataba utiwe saini.

Lakini mlango wa kumwingiza fundi kwa mbali ni mlango pia wa mwizi. Mwezi Novemba 2016, huko Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipotewa na huduma baada ya wahalifu kuushambulia mlango wa aina hiyo katika ruta zao. Kwa hiyo muuzaji aeleze kwa maandishi ni kwa miaka mingapi ataendelea kutoa marekebisho ya programu ya chombo, na kila kisanduku kipewe neno la siri lake chenyewe.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania huvithibitisha vyombo kabla ya kutumika, na hiyo ni kazi ya lazima. Hata hivyo, cheti hakisemi chombo kitaishi miaka mingapi chini ya bati la Ipinda mwezi wa Desemba. Jambo hilo limo mikononi mwa wanaoandika masharti ya zabuni.

Tungependa pia masharti hayo yataje visanduku vya akiba vitawekwa wapi. Vikihifadhiwa Mbeya, mteja wa Matema atangoja gari lipande na kushuka milima ya Rungwe kwa kifaa kinachotosha mfukoni. Viwekwe Kyela mjini. Na mkataba wa mteja useme, kwa Kiswahili kinachosomeka, ni nani atakayelipa kisanduku kilichounguzwa na radi.