Daftari Dogo Ndani ya Kompyuta

Wako wazazi huku Bukoba na Muleba ambao kijana wao amerudi kutoka chuoni na kompyuta. Huuliza: nitaizuiaje isimpeleke mdogo wake kwenye kamari, nami niko migombani? Sheria ya nchi humkataza mtoto wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sheria haikai sebuleni. Jibu moja limo ndani ya mashine yenyewe, wala haliuzwi.

Kompyuta hufuata namba, si majina. Ukiandika jina la tovuti, nayo huulizia namba yake, kama mgeni ashukaye basi Muleba aulizavyo kwa fulani ni wapi. Ila kabla ya kuuliza nje, hutazama kwanza daftari lake la ndani, yaani faili liitwalo hosts. Katika miaka ya 1970 mtandao wote ulitegemea orodha moja ya namna hiyo, iliyotunzwa Menlo Park, Marekani, na Bibi Elizabeth Feinler na wenzake. Kazi ya ukarani kabisa! Kompyuta zilipozidi, mwaka 1983 Bwana Paul Mockapetris alibuni utaratibu mwingine, lakini daftari halikuondolewa.

Katika Windows limo humu: C:\Windows\System32\drivers\etc. Fungua Notepad kama msimamizi wa kompyuta, kisha lifungue faili hilo. Chini kabisa andika 0.0.0.0, acha nafasi, andika jina la tovuti usiyoitaka, uhifadhi bila kulibadili jina faili. Basi, mashine ikilitafuta jina lile haifiki popote. Jina lenye www na lile lisilo nayo ni majina mawili. Kila moja lipewe mstari wake.

Dawa hii ina mpaka. Tovuti za kamari huota kama magugu, na simu ya mtoto haiguswi na daftari la kompyuta. Tena kijana ajuaye neno la siri la msimamizi atafuta mistari yako kabla hujarudi kutoka Misa. Neno hilo likae kwa baba na mama.

Wezi nao wanalijua daftari hili. Programu mbaya yaweza kuandika humo jina la benki yako pamoja na namba ya mwizi, ukadhani uko benki kumbe uko kwake. Kwa kawaida Windows mpya huwa na mistari ianzayo na alama # tu. Ukikuta mwingine ambao hukuuandika, mwulize fundi kabla ya kugusa fedha.